Kabla hujamnyang'anya mtoto kitabu, kisome

Februari 2023, Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili. Jioni ile nilikagua begi la binti yangu, darasa la tano. Chini ya sweta nikakuta kitabu cha kwanza cha Diary of a Wimpy Kid, mfululizo uliokuwemo kwenye orodha. Alikiazima kwa rafiki yake. Nikakitupia juu ya kabati.

"Mama, kwani kina nini?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimefungua hata ukurasa mmoja.

Wiki kadhaa baadaye, nikibadilisha mashuka, nilikuta kitabu chini ya godoro lake. Hadithi za sungura na fisi! Mwanangu alikuwa ameanza kunificha kila anachosoma. Hilo liliniuma sana.

Usiku huo nikakishusha kile cha kabatini, nikakimaliza. Greg, mvulana anayesimulia kitabu hicho, anavaa koti la rafiki yake Rowley, anawakimbiza watoto wa chekechea akiwatishia mnyoo kwenye kijiti, kisha lawama zinamwangukia Rowley. Greg ananyamaza. Asubuhi nikamuuliza binti yangu kama hiyo ni haki. Alieleza mpaka uji ukapoa, halafu, huku kainamisha macho, akanisimulia siku aliyomwachia mwenzake adhabu yake.

Serikali lazima ichague vitabu vya shule, sibishani na hilo. Ila kwa maoni yangu kisa cha mtoto mtundu hakikustahili marufuku, na nimeweza kusema hivyo kwa sababu nimekisoma.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kaa na kitabu cha mtoto jioni moja. Mtoto akueleze kwanza anachokipenda humo, ndipo useme la kwako. Ukikuta jambo lisilofaa umri wake, mwambie ni lipi na kwa nini, kisha umwone mwalimu wa darasa ukiwa na kitabu mkononi, umwonyeshe ukurasa. Muulize pia kama kina ithibati ya Kamishna wa Elimu. Tafadhali usianze kwa kurusha picha ya jalada kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Hasira hupanda pale kabla yeyote hajasoma mstari.

Kile kitabu nilikipeleka mwenyewe nyumbani kwa rafiki yake, kisipitie shuleni. Vya binti yangu siku hizi navikuta mezani, kando ya chupa ya chai.