Presha ya jicho baada ya kuwekewa lenzi: angalia imepanda lini

Anayewekewa lenzi ndani ya jicho, mbele ya lenzi yake ya asili, ili aone mbali bila miwani huuliza sana atasoma mstari wa ngapi ukutani. Aulizie na presha. Ya kawaida huwa kati ya 10 na 21 (kwa milimita za zebaki, mmHg), na ikipanda, muda iliopandia ndio unaoanza kukuonyesha sababu.

Ndani ya saa za kwanza, mshukiwa ni jeli. Daktari huijaza jichoni ili apate nafasi ya kufanyia kazi, kisha huisafisha. Ikibaki, huziba vinjia vya kutolea maji ya jicho. Kwa hiyo usiondoke kliniki kabla hujapimwa presha saa chache baada ya upasuaji, na kesho yake urudi. Ikikutwa 35, kwa mfano, daktari anaweza kubonyeza ukingo wa kijitundu cha pembeni alichopitishia vifaa, maji yakatoka na presha ikashuka palepale. Hiyo ni kazi ya darubini. Nyumbani usifikiche jicho wala kulikanda. Ukipewa vidonge vya asetazolamaidi vya kushusha presha, vidole vitakufa ganzi kidogo na soda itapoteza ukali wake mdomoni. Hayo yanajulikana. Lakini mwenye mzio wa salfa au ugonjwa wa figo aseme mapema, na mwenye pumu aseme kabla ya kuwekewa matone ya timololi, nayo ya kushusha presha.

La kukimbiza hospitali usiku huohuo ni maji kunasa nyuma ya irisi, ile sehemu ya rangi. Lenzi za zamani zilihitaji irisi itobolewe ili maji yapite; nyingi za sasa zina tundu la milimita 0.36 katikati. Tundu likizibwa, irisi husukumwa mbele na kufunga njia. Jicho huuma sana, kichwa hugonga upande uleule, unatapika, na taa unaiona imezungukwa na duara za rangi. Wengi humeza dawa ya maumivu wakalala, au hupimwa malaria kwanza. Tafadhali, ukifika popote, neno la kwanza liwe: nimefanyiwa upasuaji wa jicho.

Lenzi iliyozidi ukubwa nayo hubana njia. Nafasi kati yake na lenzi ya asili hulengwa iwe takriban mikroni 250 hadi 750 (mikroni 1000 ni milimita moja). Ikivuka 1000 na njia ikabanwa, huenda ikabidi ibadilishwe.

Wiki ya pili hadi ya nne sababu hugeuka: matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Hapa hakuna maumivu, kipimo tu ndicho kinachoonyesha. Usiyaache kwa uamuzi wako, maana uvimbe wa ndani unaweza kurudi. Daktari atayapunguza au atakupa aina nyepesi zaidi. Kama mzazi au ndugu yako ana glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mwambie kabla ya upasuaji.

Andika kwenye daftari presha ya kila jicho, tarehe na saa, ukianzia na ile ya kabla ya upasuaji. Aliyekuwa na 12 akafika 20 bado yumo ndani ya kawaida, ila daktari anapaswa kujua imepanda kwa 8.