Mahakama imekataa nirekebishe hati ya madai. Nikate rufaa?

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Nimemfungulia mkandarasi kesi katika mahakama ya wilaya hapa Dar es Salaam kwa saruji na nondo alizochukua kwa mkopo, mkataba mmoja, alipe ifikapo Machi 2022. Hati ya madai imetaja shilingi milioni 38. Mzigo wa pili wa milioni 14 ulisahaulika. Niliomba kuirekebisha kabla shahidi yeyote hajasimama. Hakimu amekataa, eti tarehe ya kusikilizwa imeshapangwa. Nikate rufaa Mahakama Kuu?
Mfanyabiashara, Mbagala

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Uchungu wako una msingi, lakini rufaa usiikate sasa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2002, uamuzi mdogo wa mahakama ya wilaya, yaani ule unaotolewa njiani kabla ya hukumu, haukatiwi rufaa isipokuwa uwe umeimaliza kesi yenyewe. Jiulize: je, kesho kesi inaendelea? Yako inaendelea, kwa hiyo rufaa itapigwa pingamizi la awali, itaondolewa, na gharama utalipa wewe. Maombi ya mapitio, yaani kuiomba Mahakama Kuu iukague uamuzi huo, nayo yamefungwa kwa kizuizi hichohicho.

Chukua kwanza nakala ya uamuzi na usome neno la mwisho. Maombi yakiwa "yameondolewa" kwa kasoro, mfano hati ya kiapo mbovu, unaweza kuyaleta upya yakiwa yamenyooka. Yakiwa "yametupwa" baada ya hoja kusikilizwa, mlango huo umefungwa katika mahakama hiyo.

Na usidanganyike kuzifungulia zile milioni 14 kesi ya pembeni. Deni ni la mkataba mmoja, na Amri ya II, kanuni ya 2 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamzuia mdai kurudi baadaye kudai kipande alichokiacha.

Njia tunayoiona bora kwako ni kuomba kuiondoa kesi kwa ruhusa ya kuifungua upya, chini ya Amri ya XXIII ya sheria hiyohiyo. Eleza kasoro waziwazi na hakikisha ruhusa imeandikwa ndani ya amri ya hakimu. Ukiondoa bila ruhusa, umepoteza madai yote. Hesabu pia ukomo wa muda. Madai ya mkataba ni miaka 6, yako yanaishia Machi 2028, na muda uliotumika kwenye kesi ya kwanza haurudishwi.

Ukinyimwa ruhusa hiyo, endelea na kesi hadi hukumu, kisha ukataliwaji huu uwe mojawapo ya sababu za rufaa. Hapo una hoja nzuri: Amri ya VI, kanuni ya 17 inaruhusu marekebisho hatua yoyote, na tangu kesi ya Eastern Bakery dhidi ya Castelino ya 1958 msimamo ni kwamba yanayoombwa kabla ya usikilizwaji yakubaliwe kwa moyo mkunjufu kama upande wa pili hautaumia kwa namna ambayo gharama haziwezi kufidia. Kupanga tarehe si kumuumiza mtu. Lakini onyesha jinsi kukataliwa kulivyoathiri matokeo: taja ankara ya mzigo wa pili, ambayo hukuweza kuitolea ushahidi kwa sababu haikuwemo katika hati.

Muda wa rufaa hiyo ni siku 90. Siku za kusubiri nakala za hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) hazihesabiwi, hivyo barua ya kuziomba ipeleke siku ileile ya hukumu, na nakala yako igongwe muhuri wa masijala wenye tarehe.