Daktari akisema "jeni" usikimbilie kulaumu ukoo

Wazazi wenzangu habari zenu, mtanisamehe leo ntaandika kirefu kidogo kuhusu saratani iliyompata mwanangu, jana kuna dada kanitumia picha ya mtoto wake kavimba taya na kiukweli nimeshindwa kulala.

Mwanangu alikuwa na miaka 6, tunaishi huku Kanda ya Ziwa. Ilianza jino la juu kulegea, nikasema ni ya utoto hayo yanatoka, baada ya siku chache shavu likavimba ila hana homa wala halii, tukaenda dispensari wakasema jipu la jino, wakang'oa, wakatupa antibayotiki tukarudi nyumbani. Wiki mbili mbele jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje, tukarudi wakang'oa la pili. Hilo la pili ndo linaniuma mpaka leo maana ule muda tungekuwa tushafika rufaa. Mtoto akilegea meno kadhaa kwa mpigo, au taya ama tumbo linavimba haraka haraka, usikubali jino jingine ling'olewe kabla hujauliza kama anaweza kuchukuliwa kinyama kikapimwe. Na kikishachukuliwa kifuatilie, uliza kimeshapelekwa maabara? majibu lini? Cha mwanangu kilikaa siku tatu bila kupelekwa na mimi nipo nje kwenye benchi nasubiri tu.

Majibu yakaja, limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya aina fulani ya seli nyeupe za damu. Daktari akatuambia seli zake zinaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili, hapo ndo nikaelewa wiki mbili zangu zilikuwa na maana gani.

Sasa mgogoro ulianzia kwenye neno moja, alisema "chanzo ni mabadiliko ya jeni", yaani yale maagizo yaliyomo ndani ya seli. Mume wangu akampigia baba yake, hadi jioni ukoo mzima wameshakubaliana kwamba ugonjwa umetoka kwenye damu ya upande wangu, mama mkwe anauliza shangazi zangu walikufa na nini. Kesho yake nikamshika mume wangu mkono tukarudi kwa daktari, nikamwambia dokta mweleze huyu mbele yangu.

Akachukua karatasi akachora. Kwenye kila seli kuna kromosomu, ni kama nyuzi zilizobeba jeni, namba 8 ina jeni inaitwa MYC, kazi yake ni kuiambia seli igawanyike. Namba 14 ina sehemu ambayo seli B za damu zinatumia kutengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili za kupambana na magonjwa, na kwenye seli hizo sehemu hiyo inawaka muda wote. Kwa watoto wengi wenye Burkitt hizo kromosomu mbili zimekatika zikabadilishana vipande, MYC ikajikuta imekaa jirani na hiyo sehemu, nayo ikawaka haizimiki. Mi nikamwambia ni kama pampu ya maji umeiunganisha na waya wa taa ya nje isiyozimwa, akasema ndivyo hivyo. Na huko kukatika kumetokea kwenye seli moja ya mtoto, baada ya kuzaliwa, hakujatoka kwa baba wala mama na wadogo zake hawarithi. Mume wangu aliomba ile karatasi akaipeleka kwao.

Kwanini watoto wa huku kwetu? Malaria ya mara kwa mara inazilazimisha seli B kufanya kazi kupita kiasi, na zenyewe zikitengeneza kingamwili zinakata kata DNA yao (ndo inayobeba hizo jeni), kwahiyo nafasi ya kukosea inaongezeka. Halafu kuna kirusi cha Epstein-Barr, karibu watu wote tunacho na wengi hakiwafanyi kitu, ila kinaisaidia seli iliyoharibika isife. Neti jamani, neti.

Hii habari ilianzia hapa jirani. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt pale Mulago, Kampala, alianza kuona watoto wamevimba taya, 1961 akazunguka kwa gari nchi kibao mpaka kusini mwa Afrika na kuona ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa London kwa ndege, na 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wamekiona hicho kirusi. Vile vinyama vilikuwa vya watoto wa Uganda, wana wa mama kama mimi. Kwahiyo mtafiti alipokuja kuniomba damu na kipande kilichobaki sikukataa, nilimuuliza kitahifadhiwa wapi, kitatumika kwa nini, na nikikataa matibabu yanaendelea? Akanijibu yote, nikasaini. Na wewe uliza hayo hayo.

Kuhusu dawa, uvimbe unaweza kuyeyuka ndani ya siku chache tu za kemo (dawa za saratani), na takataka za seli zilizokufa zinazielemea figo, ndo maana anawekewa dripu nyingi, wewe angalia mkojo, ukipungua mwite nesi hata saa nane usiku. Kuna mama tulilala naye wodi moja aliona uvimbe umeisha akaondoka na mtoto baada ya dozi ya pili, akarudi hali mbaya sana. Uvimbe kuisha sio kupona, mmalizie dozi zote.

Wangu sasa ana miaka 10, kliniki tunaenda bado.

Dada wa picha ya jana, ukisoma hapa kesho asubuhi usirudi kule kung'oa jino, omba barua ya rufaa na wakizungusha nipigie nikusindikize.