Wavu usioonekana kwa macho

Swali: Ninafuma nyavu hapa Shela, Lamu. Mjukuu wangu anasema siku hizi kuna nyavu za kuoteshea seli, ndogo hata jicho halizioni. Zinafumwa kwa sindano gani?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Sindano yenyewe ni mwanga. Leza, yaani mwale mwembamba wa mwanga mkali, hulengwa ndani ya tone la rezini, majimaji kama gundi, nayo rezini huganda pale tu miale inapobanana. Kwingine hubaki majimaji. Leza husogezwa nukta kwa nukta, juu, chini, kando, kisha majimaji huoshwa. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walimtengeneza hivyo fahali mwenye urefu wa mikromita 10, karibu sawa na seli nyekundu ya damu. Na pembe anazo! Kwenye wavu uliofumwa hivyo, seli hushika nyuzi kama chaza kwenye mizizi ya mkoko. Wavu ukipakwa dhahabu, hupitisha umeme.