Maswali ya Pedi: Hadithi Ipite Mikononi

Barua nyingi za safari hii zinagusa hadithi ndani ya gemu. Nazijibu kutoka Mwanga, Kigoma, kwenye chumba changu cha gemu. Mchana hapa ni gemu za mpira tupu. Usiku, wateja wa mpira wakishaondoka, wanabaki vijana wachache wanaopenda hadithi, na mengi ninayoyasema nimeyaona kwao. Ambaye hajamaliza Red Dead Redemption 2 au The Last of Us Part II ajue kwamba hapa chini natoboa siri.

SWALI: Kaka, salaam. Gemu kubwa za siku hizi naona zimegeuka filamu. Unashika pedi, unasogea hatua mbili, video inaingia, watu wanaongea Kiingereza weee, mpaka unaweka pedi chini ukachukue chai. Mimi nataka kucheza. Kati ya hadithi na uchezaji, kipi kitangulie?
– Msomaji wa Ng'ambo, Tabora

JIBU: Mdogo wangu, salaam zimefika. Lalamiko lako ni la haki, ila mshitakiwa uliyemkamata siye. Hadithi kuwa ndefu si kosa. Kosa ni pale inapowekwa yote kwenye video, halafu ukirudishiwa pedi unapewa kazi isiyohusiana nayo: okota manyoya, panda mnara, ua walinzi. Hapo hata mimi naenda kuchukua chai. Na kwetu huku jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu wengi wa vijana wangu mazungumzo ya Kiingereza cha haraka yanawapita. Nakaa pembeni natafsiri, lakini nikiitwa mlangoni kuhudumia mteja, hadithi inawakatikia. Inayobaki ni ile waliyoifanya kwa mikono yao.

Chukua Red Dead Redemption 2 ya Rockstar, iliyotoka Oktoba 2018. Ni mwaka 1899, unamcheza Arthur Morgan, jambazi kwenye genge linalowindwa na serikali. Mapema tu unatumwa kudai deni kwa mkulima mmoja mnyonge, Thomas Downes. Unamfuata kwenye kiwanja chake, unamshika, unamshushia kipigo, naye anamkohoa Arthur usoni. Unapanda farasi unaondoka. Misheni ndogo, hela kidogo, umeshasahau. Saa nyingi za kucheza baadaye Arthur anaanguka barabarani mjini Saint Denis, na daktari anamwambia ana kifua kikuu. Mwaka 1899 dawa hakuna.

Siku tulipofika hapo mimi nilikuwa mlangoni nahesabu chenji. Aliyeshika pedi ni kijana wa bodaboda wa Gungu, na alichoambiwa na daktari hakukielewa. Akatazama kile kikohozi, kimya, halafu akapiga goti lake kwa kiganja: "Ni yule mzee wa deni! Mimi ndiye niliyempiga!" Aliona, akaunganisha mwenyewe, na hakusema "Arthur ndiye aliyempiga". Baada ya hapo gemu haikumwachia. Arthur anakonda, macho yanaingia ndani, anakohoa akiwa juu ya farasi, na wewe ndiye unayeuendesha mwili huo hadi mwisho. Huko ndiko ninakokuita hadithi kupita mikononi.

Sisemi gemu hiyo haina dosari. Misheni zake zinambana mchezaji kupita kiasi. Ukipita pembeni ya njia waliyoichora wao unaambiwa umeshindwa, rudia. Waliotengeneza ulimwengu mpana namna ile walipaswa kumwamini mchezaji zaidi, na hilo linaniudhi kila ninaporudia.

Sasa The Last of Us Part II ya Naughty Dog, Juni 2020, ambayo najua ndiyo inayokuumiza kwa video ndefu. Wengi waliichukia. Mimi naiheshimu sana, na sababu ni kitufe kimoja. Unamcheza Ellie, msichana anayemwinda Abby, aliyemuua mlezi wake Joel. Anamfukuza Nora, rafiki wa Abby, hospitalini hadi chini kabisa, kwenye chumba chenye mwanga mwekundu. Ana bomba la chuma mkononi, anataka Nora amtajie alipo Abby. Kamera inamtazama Ellie usoni, na kwenye skrini kinatokea kitufe cha mraba. Usipobonyeza, hakuna kinachoendelea. Nimeona vijana watatu wamekaa pale, kila mmoja anampa mwenzake pedi. Video ingewafanyia kazi hiyo kwa sekunde chache wala wasingeshtuka.

Halafu inakugeuza: karibu nusu ya gemu unamcheza Abby, yule yule unayemwinda. Na mwisho wa sehemu yake, ndani ya ukumbi wa maonyesho, bosi, yaani adui mkubwa unayepigana naye, ni Ellie, anakuvizia kwa ujanja ule ule uliokuwa unautumia wewe ulipokuwa yeye. Hapo hoja ya kulipiza kisasi huelezwi, unaibeba. Ninachoilaumu ni kwamba imekuwa ndefu kuliko nguvu zake. Ukiua adui, mwenzake analia akimwita kwa jina. Mara ya kwanza inachoma, lakini baada ya saa ishirini mkono umeshazoea na jina halisikiki tena.

Kwa hiyo usiulize kipi kitangulie. Video inapoingia, jiulize: nilichokuwa nakifanya sasa hivi kwa pedi ni sehemu ya habari hii au la? Jibu likiwa la, mara tano mfululizo, toa diski.

SWALI: God of War ya 2018 na Ragnarök, ipi zaidi? Tumebishana kijiweni hadi tumechoka.
– Vijana wa Katubuka, Kigoma

JIBU: Ya 2018, na sisiti. Ragnarök, mwendelezo wake wa Novemba 2022, ina watu wengi zaidi na mapigano matamu zaidi, hilo nawapa. Lakini ile ya kwanza inasema jambo moja kwa mkono mmoja: baba na mwana wanapeleka majivu ya mama kwenye kilele kirefu kuliko vyote, na kamera haikati tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye pedi yako kitufe cha mraba ni cha mtoto. Ukibonyeza, Atreus anapiga mshale. Unakizoea mpaka hukifikirii tena. Kisha mtoto anaugua, baba anaenda peke yake Helheim, ulimwengu wa wafu, kumtafutia dawa, na katikati ya vita kidole kinakwenda chenyewe kwenye mraba: kimya. Hakuna mshale. Sijui mistari mingapi ya mazungumzo ingetosha kunifikisha pale kiliponifikisha kidole hicho.

Ragnarök nayo inaongea mno. Unafika kwenye fumbo, hujageuza hata kamera, mwenzako keshakwambia gurudumu liko wapi. Niache nitafute!

SWALI: Elden Ring ni gemu nzuri lakini haina hadithi. Unapigwa, unakufa, unarudi. Nakosea?
– Msomaji wa Nzega

JIBU: Hadithi ipo, ila haikufuati, unaiokota mwenyewe. FromSoftware wa Japani, chini ya Hidetaka Miyazaki, waliitoa Februari 2022, na historia ya kale ya ulimwengu wake ilianzia kwa mwandishi George R. R. Martin. Sehemu kubwa iko kwenye maandishi mafupi ya silaha na nguo, na hapo nakubali kwamba asiyesoma Kiingereza anakosa mengi.

Lakini fungua macho. Jenerali Radahn ni jitu, na amepanda farasi mdogo, amekonda, miguu ya bwana wake inakaribia kuburuta mchangani. Vijana wangu walicheka. Kisha nikawasomea maandishi: Radahn alijifunza uchawi wa uzito ili asije kumwacha farasi wake huyo aliyempenda tangu zamani. Sasa amepoteza akili kwa ugonjwa wa uozo, anakula maiti za wapiganaji, lakini bado hajamlemea yule farasi. Kicheko kikaisha. Waliporudi kupigana naye walipigana vilevile, kwa hasira ileile ya kufa, ila mmoja akaanza kukwepa kumpiga farasi. Hakuna aliyemwambia.

SWALI: Clair Obscur: Expedition 33 inasifiwa kila kona, nikaambiwa ni ya zamu: wewe upige, yeye apige. Mimi kusubiri siwezi. Niinunue?
– Msomaji wa Kasulu

JIBU: Angalia kwanza una mashine gani, maana PS4, ile PlayStation ya zamani, haiipokei. Kama una PS5, nunua. Ni kazi ya Sandfall Interactive wa Montpellier, Ufaransa, ilitoka Aprili 2025, na Desemba mwaka huo ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Zamu zipo, lakini ya adui huisubiri umekaa. Unatakiwa ukwepe au uzuie pigo lake kwa wakati sahihi kabisa, na ukizuia yote unamrudishia. Masikio yanafanya kazi kuliko macho.

Habari yenyewe: kila mwaka kiumbe anayeitwa Mchoraji anaandika namba kubwa juu ya mnara wake, na waliofikia umri huo wanatoweka. Alianza na 100, sasa anafika 33. Gemu inaanza ukiwa Gustave, ana miaka 32, anamsindikiza bandarini Sophie, mpenzi wake wa zamani, ambaye siku yake ya kutoweka ni leo. Huna adui wa maana pale. Unatembea tu, unasalimiana na watu walioshika maua. Ukitaka kuchelewa, unaruhusiwa kuchelewa: pita kila uchochoro, ongea na kila mtu. Nilichelewa kwa makusudi, na najua walinipa nafasi hiyo wakijua nitaitumia.

Dosari yake iko mwishoni. Nguvu zinapanda bila breki, na ukipanga silaha vizuri bosi mkubwa anaanguka kabla hajapata zamu hata moja. Adui ambaye hadithi imemjenga muda wote anakufa kama inzi. Punguza nguvu mwenyewe ufikapo huko.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama wa Ujiji. Kijana wangu ana miaka 12, kaka yake aliyeko Dar amemletea PS5. Ninachokiona kwenye hizo gemu ni damu na kuuana tu. Hakuna zenye hadithi za kwetu, za heshima?
– Mama wa Ujiji

JIBU: Shikamoo mama yangu. Kazi inakwenda salama. Nianze na tahadhari: karibu zote nilizozitaja juu si za umri wake. God of War, Red Dead Redemption 2 na The Last of Us Part II kwa kipimo cha Ulaya ni za miaka 18. Namba imeandikwa kwenye kasha, pembeni chini. Itazame kabla hujatoa hela, hata kama muuzaji anakuhakikishia.

Aanze na Astro Bot ya mwaka 2024, ambayo ni ya miaka 7 na kuendelea. Maneno karibu hakuna, damu hakuna, na mama unaweza kukaa naye ukacheka.

Ya kwetu ipo: Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na aliitengeneza baada ya kufiwa na baba yake. Imejengwa juu ya simulizi za Kibantu. Kijana Zau amefiwa na baba, anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, kumwomba amrudishie. Anavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na unabadilisha kimoja kwa kingine katikati ya pigano. Kuna mibuyu njiani. Zau akifika anakaa chini yake, anasema yanayomsumbua moyoni, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Ina mapigano na mizimu, tena baadhi ya sehemu ni ngumu kwa mtoto, kwa hiyo kaa naye siku za mwanzo. Kuhusu Kalunga na mizimu mweleze wewe mwenyewe kwa namna mnavyoamini nyumbani. Ikimshinda popote, mlete Mwanga jioni kabla ya magharibi, wakati chumba hakijajaa, nimwelekeze bila malipo.