PTA Marekani: kabla hujalipa ada
Dada, umeuliza kuwa msaidizi wa fiziotherapia (PTA) huku Marekani ni miaka mingapi. Kozi yenyewe ni kama miaka 2 tu, ila kinachokula muda ni masomo ya kabla ya kuingia, Anatomia na Fiziolojia sehemu zote mbili pamoja na maabara zake, gredi zako wanazikodolea macho kweli. Vyuo vingine wanataka pia ukae kliniki masaa kadhaa unaangalia, mi nilikuwa nakunja taulo huku namtazama bibi aliyebadilishwa goti anajifunza upya kupanda ngazi mbili, jasho linamtoka. Na kabla hujatoa hata senti hakikisha programu ina ithibati ya CAPTE, tume inayokagua programu za fiziotherapia, bila hiyo mtihani wa NPTE, ule wa kitaifa wa leseni, hukai na leseni ya jimbo usahau.