Dawa ikizidi, mmea huumia hadi kwenye vinasaba

Kila msimu wa vitunguu ukikaribia huulizwa swali lilelile: hizi dawa tunazopiga zinaweza kuharibu vinasaba vya mazao? Zinaweza. Ila si kwa namna ile inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, eti kitunguu kikipigwa dawa kinageuka GMO, yaani zao lililobadilishwa vinasaba maabara, na atakayekila atabadilika damu. Huo ni uzushi mtupu. Madhara yenyewe ni ya aina nyingine, na wa kwanza kupata hasara ni mkulima.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyaona kwenye hadubini nilipokuwa nasomea kilimo. Kipimo chake ni rahisi hata aibu. Mwaka 1938 Msweden Albert Levan alitumia mizizi ya kitunguu maji kuchunguza kemikali iitwayo kolkisini, na mpaka leo maabara nyingi duniani hutumia mizizi hiyohiyo kupima sumu. Kitunguu kilichaguliwa kwa sababu kina kromosomu, yaani vifurushi vinavyobeba vinasaba ndani ya seli, 16 tu, tena nene, zinazoonekana vizuri. Unakiweka juu ya glasi, kitako kiguse maji. Siku mbili tatu, mizizi myeupe imeshuka. Unakata ncha ya milimita moja au mbili, unailainisha kwa asidi, unaitia rangi, unaifunika kwa kioo chembamba na kuiponda taratibu kwa kidole gumba.

Kwenye mzizi uliokua ndani ya maji safi, seli zinagawanyika kwa adabu: kromosomu zinajipanga katikati, kisha nusu zinavutwa huku, nusu kule. Ule wetu uliolowekwa kwenye mankozebu, dawa ya ukungu, iliyokolezwa ulikuwa na seli chache mno zinazogawanyika. Na hizo chache, kromosomu zimenatana, nyingine zimeng'ang'aniana katikati zikakataa kuachana, na kuna vipande vilivyobaki nyuma vikajifungia pembeni na kuwa kiini kidogo cha peke yake. Kipande hicho ni vinasaba ambavyo seli imevipoteza.

Dawa hazidhuru kwa njia moja. Parakwati, dawa ya kuua magugu, huzalisha oksijeni kali ndani ya seli, inayochoma kila inachokigusa, vinasaba vikiwemo. Trifluralini, ya kuzuia magugu, haivunji vinasaba vyenyewe. Huzuia kuundwa kwa nyuzi zinazovuta kromosomu, na ncha ya mzizi inavimba badala ya kurefuka. Na kuna hidrazidi ya maleiki, inayopigwa vitunguu na viazi katika nchi kadhaa visichipue ghalani: watafiti wanapotaka mfano wa uhakika wa kemikali inayovunja kromosomu za mimea, mara nyingi huichukua hiyo.

Sasa usiende kutupa bomba la kupigia dawa. Mmea una mitambo yake ya kukarabati vinasaba, na kipimo kilichoandikwa kwenye lebo kwa kawaida hauhangaiki nacho sana. Shida inaanza tunapopima kwa macho, tunapoongeza mfuniko "kwa usalama", na tunapochanganya dawa ya wadudu, ya ukungu na busta (mbolea ya majani) juu yake ndani ya bomba moja kwa sababu jirani kafanya hivyo kwa kantangaze, mdudu wa nyanya. Mchanganyiko wa namna hiyo hakuna lebo iliyoupima.

Tena angalia unapiga wakati gani. Jani lililokomaa haligawanyi seli sana. Zinazogawanyika ni ncha za mizizi, vichomozo na maua. Kwa hiyo mimi kitaluni ni mkali kuliko mahali pengine popote: napima kwa kikombe chenye alama, napiga jioni, na bomba la dawa ya magugu haliingii kabisa. Mche ulioumia ncha hautakufa ukauona. Utadumaa tu, mizizi mifupi, nawe utaongeza mbolea bure. Kwenye maua, chavua ikiharibika mbegu hazijai.

Mama mmoja anayezalisha mbegu za vitunguu aliniuliza, "Mwalimu, huu uharibifu unarithiwa?" Nikamwambia, mama, ulioko kwenye mzizi unaishia hukohuko kwenye mzizi. Ila mmea hautengi seli za uzazi mapema. Ua hutokana na kichomozo kilekile kinachokua. Kichomozo kikiumia, kosa linaweza kufika kwenye mbegu, ingawa seli nyingi zilizoharibika hufa kabla. Mzalisha mbegu ana sababu zaidi ya kuheshimu lebo.

Majani ya nyanya yakijikunja, usiseme ni vinasaba. Mara nyingi ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe, au bomba lililobaki na 2,4-D, dawa ya magugu ambayo huvuruga homoni za mmea. Na kwa mlaji, vinasaba vya kitunguu, vizima au vibovu, humeng'enywa tumboni kama vya chakula chochote. Cha kuogopa kwenye sahani ni mabaki ya dawa, ndiyo maana lebo hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kama unanyweshea kwa mfereji ambao watu wa juu husuuzia mabomba, jaribu hili, bila kushika dawa yoyote. Tafuta vitunguu sita vinavyolingana, vitatu uvikalishe juu ya maji ya mvua, vitatu juu ya maji ya mfereji, kivulini, ukibadilisha maji kila siku. Siku ya nne au ya tano pima mizizi kwa rula. Kromosomu hutaziona, lakini seli zisipogawanyika mzizi haurefuki. Mizizi ya mfereji ikiwa mifupi sana, usikimbilie kumgombeza jirani, maana chumvi nayo hudumaza. Ila maji hayo usiyapeleke kitaluni mpaka ujue yana nini.